Acheni Kuwauzia Vijana Bao Nusu

Wadau, kuna jamaa wa mitandaoni. Jina halitajwi hapa kwa sababu wapo wengi, na kila mmoja atajijua mwenyewe. Staili yao ni moja. Mkeka msafi, kamera juu, ubao wa bao umeng'arishwa mpaka unawaka kama umetoka duka la watalii. Kila shimo lina kete mbili. Jamaa anachota, anazungusha, anakula, anapiga kelele, sekunde hamsini video imeisha. Juu kaandika: "Jifunze bao la Kiswahili kwa dakika moja." Laiki zinamiminika kama mvua ya masika.

Halafu kijana wa watu, aliyeiva kwa hiyo dakika moja, anaenda kijiweni. Anakuta wazee wameshika kete mkononi. Ubaoni kila upande kuna mashimo matatu tu yenye kitu. Anauliza, "Wazee wangu, mbona hamjapanga?" Kijiwe kizima kinaangua kicheko. Dogo anajifanya simu inaita, anasogea pembeni, na hapo ndio mwisho wake na bao.

Sasa aliyemwaibisha dogo ni nani? Wazee waliocheka, au yule aliyemuuzia nusu ya mchezo akamwambia ni mzima?

Jibu ni wote wawili, lakini mwenye mzigo mkubwa ni huyo wa kamera.

Kwanza tenda haki. Alichoonyesha jamaa sio uongo mtupu. Huo mchezo wa kete mbili kila shimo upo, ni wa siku nyingi, na una jina lake: bao la kujifunza. Jina lenyewe linajieleza. Ni la kujifunzia, kama baiskeli ya matairi matatu. Hakuna mtu mwenye akili anayeikataa baiskeli ya matairi matatu. Tatizo ni kumpandisha mtoto juu yake halafu kumwambia, "Hongera, sasa unaendesha bodaboda."

Maana tofauti ya hayo mabao mawili sio urembo. Tofauti ni vita yenyewe, jinsi inavyopiganwa.

Ubao ni uleule. Safu nne, mashimo manane kila safu, jumla 32. Kete ni 64, kila mtu ana 32. Kila mchezaji anamiliki safu mbili, ya mbele inayotazamana na adui na ya nyuma. Mpaka hapo hayo mabao ni ndugu wa tumbo moja. Baada ya hapo kila mmoja anashika njia yake.

Kwenye bao la Kiswahili huanzi na jeshi lote. Unaanza na kete 10 tu ubaoni. Sita zinakaa kwenye nyumba, ambayo ni shimo la nne la safu ya mbele ukihesabu kutoka kulia kwako. Mbili na mbili zinakaa kwenye mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia. Zile 22 zilizobaki unazo mkononi, na kila zamu unaingiza moja. Awamu hiyo ndiyo inaitwa namua.

Angalia ujanja wa mpangilio huo. Kwa kuwa mnakaa mnatazamana, kulia kwako ni kushoto kwa mwenzako. Kwa hiyo mwanzoni majeshi mawili yamepishana kabisa. Kila shimo lako lenye kitu linatazamana na shimo tupu la mpinzani. Nyumba yake ipo jirani kabisa na yako, kishoroba tu, lakini huwezi kuigusa kwa sababu shimo linalotazamana nayo kwako ni tupu, na kete ya mkononi haiingizwi kwenye shimo tupu. Lazima utafute njia ya kupeleka watu pale. Na yeye anatafuta njia hiyohiyo ya kuja kwako.

Kula kwenyewe kuko hivi. Unatia kete kwenye shimo lako la mbele lenye kitu. Kama shimo la mpinzani linalotazamana nalo lina kitu pia, umekula. Na kama pa kula papo, ni lazima ule, hakuna cha "nitaacha hii". Kete ulizokula hazitupwi nje kama vizibo vya soda kwenye drafti. Zinahamia jeshi lako. Unazisambaza safu yako ya mbele kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la kushoto au la kulia. Kete ya mwisho ikiangukia penye kitu, moto unaendelea: kukiwa na cha kula unakula tena, kusipokuwepo unachota unazungusha. Ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu imeisha. Ukikosa cha kula tangu mwanzo, unatakata, unasogeza kete zako bila kumla mtu.

Halafu ndio ije hiyo nyumba. Ile sio shimo kama mashimo mengine, ile ni ngome. Ukiwa unakula, halafu kete yako ya mwisho ikaishia kwenye nyumba yako isiyo na cha kula mbele yake, unapewa uamuzi: ulale hapo na uilinde, au uichote yote usafiri nayo. Ukisafiri unaweza kumfagia mtu safu nzima. Unaweza pia kuishia njiani kwenye shimo tupu, ngome imevunjika, na utajiri wote umeutawanya mbele ya adui kama mchele ulioanikwa uani kwa kuku wa jirani. Wazee wanaweza kukaa kimya dakika nzima kwa ajili ya uamuzi huo mmoja. Ukipita hapo ukawaona wamenyamaza, usidhani wamesinzia. Wanapiga hesabu.

Kila mtu anaingiza kete 22, kwa hiyo mkifika mwisho wa namua mmeshafanya maamuzi 44 kabla hata hamjaingia mtaji, awamu ya pili ambayo mikono imeisha na kila mtu anapigana na alichonacho ubaoni. Tena kuna wasiofika huko. Safu yako ya mbele ikibaki tupu umefungwa, hata kama mkononi bado una kete kumi. Askari wako kambini, vita imeisha! Aibu ya namna hiyo mtaani inakaa mwaka.

Sasa rudi kwenye bao la kujifunza. Kete zote zipo ubaoni, mbili mbili. Mkononi huna kitu. Nyumba yenye kete sita ya kuilinda haipo. Kuchagua ulale au usafiri hakupo. Mnaanzia moja kwa moja kwenye mtaji. Ni sawa na mtu kuanza kuangalia muvi katikati, pale risasi zinapolia, halafu akatoka anasema ameielewa stori.

Wanaotetea video hizo wana maneno yao, na yajibiwe moja moja.

La kwanza: "Michezo inabadilika, acheni ushamba." Sawa, inabadilika, na hakuna ubaya. Nenda Uganda uone omweso. Ubao ni mashimo 32 vilevile, kete 64 vilevile, lakini vita ni nyingine kabisa. Ili ule, kete yako ya mwisho lazima iangukie shimo lenye kitu kwenye safu yako ya ndani, na mashimo yote mawili ya mpinzani yaliyo mbele yake, la mbele na la nyuma, yawe na kitu. Hapo unabeba yote mawili. Halafu huanzii kichwani, unaanza kuzisambaza kutoka pale mzunguko huo ulipoanzia. Kwenye bao la Kiswahili kete za safu ya nyuma haziliwi. Kwenye omweso za nyuma nazo zinaliwa. Bingwa wa Unguja aliyezoea kuweka akiba nyuma akienda Kampala bila kuuliza, atavuliwa nguo mchana kweupe.

Lakini Mganda hajawahi kumwambia mtu kwamba omweso ni bao la Kiswahili. Ana mchezo wake, na una jina lake. Mnyarwanda ana igisoro yake, Mmalawi ana bawo yake. Kila mmoja anaheshimu jina la chake.

Chukua Munanila, juu huko kwenye milima ya Waha, ambako Burundi ni pua na mdomo na Kiha na Kirundi vinasikilizana. Mahali kama hapo, mpinzani wako anaweza kuwa amekulia Kasulu, au amevuka mpaka wa Manyovu, au amerudi likizo kutoka Dar. Ubao mmoja, sheria tatu vichwani. Mtu mwenye busara anauliza swali moja kabla hajagusa kete: "Mzee wangu, tunacheza lipi?" Swali hilo ni heshima, na linazuia ngumi. Aliyejifunza kwa video ya dakika moja hawezi kuliuliza, kwa sababu hajui kwamba kuna zaidi ya moja.

La pili: "Vijana hawana muda, sheria ni nyingi." Hii ni dharau kwa vijana wenyewe. Kijana huyohuyo anayeambiwa hana muda anajua kila kona ya ofsaidi, anabishana kuhusu VAR mpaka usiku, na kwenye kibanda cha gemu anakumbuka mpangilio wa vitufe kumi kumpiga mtu Tekken. Anashindwaje kujua nyumba na kichwa? Hashindwi. Hajafundishwa, basi.

Na vijana wanajua sana uchungu wa mchezo kubadilishwa. Septemba 2021 Konami waliiondoa PES, wakaleta eFootball. Wachezaji wakaona mpira wenyewe umegeuzwa, kukaba sio kule, sura za wachezaji vituko. Dunia nzima ilichachamaa, na vibandani watu walilia kama wamefiwa. Hakuna aliyewaambia waache ushamba. Basi mzee anayeuliza namua imeenda wapi naye asiambiwe ni mshamba. Kilio chake ni kilekile.

Kuna mfano mwingine wa mbali kidogo unaoonyesha hatari yenyewe. Marekani kuna mchezo wa mezani unaitwa Dungeons & Dragons, ulioanza mwaka 1974, waanzilishi Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wanazunguka meza, mmoja anasimulia, wengine kila mtu ana mhusika wake: mpiganaji, mchawi, mwizi. Mkikutana na joka mnapigana kwa kurusha dadu na kufuata sheria za kitabu. Kwenye matoleo ya zamani mchawi alikuwa na uchawi wa kuhesabu. Akiutumia asubuhi, jioni yuko mikono mitupu mpaka apumzike. Kwa hiyo kila akitaka kuutumia alipaswa kufikiri mara mbili, kama mtu anayeangalia nyumba yake na kujiuliza alale au asafiri.

Mwaka 2008 likaja toleo la nne. Vita ikapangwa upya. Kila mhusika akapewa mbinu zake, nyingine za kutumia kila zamu bila kuisha, mapigano yakawa ya kuhesabu miraba kwenye ramani. Wapo walioipenda, ikawa rahisi kuielewa na hakuna mhusika aliyebaki mnyonge. Wapo waliosema huu sio mchezo wao. Mwaka 2009 kampuni nyingine, Paizo, ikatoa Pathfinder, mchezo uliojengwa juu ya sheria za toleo lililopita, na wengi wakahamia huko. Mwaka 2014 wenye mchezo wakatoa toleo la tano na kurudisha mengi ya zamani.

Sasa weka akili hapa. Wale waliweza kurudi nyuma kwa sababu mbili tu. Moja, kila toleo lilikuwa na namba yake, hakuna aliyeuziwa la nne akidhani ni la tatu. Mbili, sheria za zamani zilikuwa zimeandikwa. Kitabu kipo kabatini, ukichukia jipya unafungua la zamani unacheza.

Bao halina kampuni. Halina toleo la tatu wala la nne. Halina jalada. Kitabu chake ni kichwa cha babu aliyekaa chini ya mwembe, na babu hana nakala. Akiondoka yeye na hakuna aliyekaa naye kwenye namua, hakuna Paizo wa kuja kuokoa jahazi. Kitakachobaki ni video ya sekunde hamsini, na watoto wa kesho watadhani bao lilikuwa hivyo tangu enzi.

Ni kweli, yapo yaliyoandikwa. Mwaka 1995 Mholanzi Alexander de Voogt alipata udaktari wake Chuo Kikuu cha Leiden kwa utafiti juu ya mabingwa wa bao, baada ya kukaa na mafundi wa Zanzibar. Fikiria hilo. Mtu anatoka Ulaya, anakaa barazani, anaona akili zinazofanya kazi pale zinastahili shahada ya juu kabisa. Mtoto wa hapahapa anaambiwa ni mchezo wa wasio na kazi, dakika moja inatosha! Mwalimu Nyerere naye alikuwa mpenzi mkubwa wa bao. Na yeye hakuwa na kazi?

Sasa zamu ya wazee, maana wasikae hapo wanachekelea kana kwamba hii makala ni ya kuwatetea.

Wazee wa vijiwe, nyie ndio mliofungua mlango wa nyuma. Kijana akija mnamcheka. Akikosea kutia kete mnamnyang'anya ubao. Akiuliza kwa nini nyumba haikuchotwa mnamjibu, "Kaa utazame, utajua ukikua." Binti akisimama kutazama ndio kabisa, macho yote kwake kana kwamba kaja kuiba. Miaka nenda rudi mmelifanya bao kama mali ya kurithi ya watu sita. Halafu mnashangaa vijana wanajifunza kwa mtu mwenye taa ya mviringo na maikrofoni? Yule angalau aliwakaribisha. Aliwapa nusu, lakini aliwapa kwa tabasamu. Nyie mlikuwa na nzima mkaikalia.

Ukweli huo unauma, lakini haumsafishi jamaa wa kamera. Uchoyo wa mzee sio ruhusa ya kuuza feki.

Tena dawa yake wala haina gharama. Andika jina sahihi tu juu ya video: "Bao la kujifunza." Maneno matatu. Laiki hazitapungua hata moja, na kijana atajua yuko hatua ya kwanza ya safari. Halafu fanya ya pili: kaa na fundi mmoja, weka simu juu ya ubao, rekodi mchezo mzima kuanzia kete ya kwanza ya namua mpaka mtu afungwe. Usikate. Muulize fundi kwa nini alilala pale na kwa nini alisafiri hapa. Itakuwa ndefu, ndiyo. Watu wanaangalia mtu anakula wali saa nzima mtandaoni, watashindwa kuangalia hilo?

Na wewe kijana uliyechekwa, rudi kijiweni. Safari hii usiende na dakika moja. Nenda na swali: "Mzee wangu, tunacheza lipi?" Akijibu la Kiswahili, hesabu kete zako 32, weka sita kwenye nyumba, mbili na mbili kulia kwake, shika 22 mkononi. Utafungwa. Utafungwa tena kesho. Lakini utakuwa umefungwa kwenye vita kamili, na anayefungwa huko anajua kesho arekebishe wapi.

Jamaa wa kamera naye anakaribishwa hapohapo kijiweni. Aje bila simu kwanza. Wadau wanataka kuona kama atafika mtaji.

Uwanja wa komenti uko wazi: mtaani kwako wanaanza na kete mkononi au mbili mbili kila shimo? Taja na mahali ulipo, ijulikane bao zima limebaki wapi.